Dala, chai maharage, mwendokasi: Dar es Salaam na majina ya magari yake

Aliyepanda gari la abiria la mtu binafsi Dar es Salaam mwaka 1983 alilipa shilingi tano. Watu wa mjini walizoea kuiita fedha hiyo dala, tangu enzi za mkoloni, siku ambazo dola moja ya Marekani ilikuwa na thamani inayokaribia shilingi tano. Konda akining'inia mlangoni hakuwa na haja ya kueleza nauli wala kubandika karatasi. Alipaza sauti tu: "Dala! Dala!" Mpita njia akajua gari ni la nani, linalipiwa kiasi gani na kwamba siyo la serikali. Ndivyo lilivyozaliwa jina daladala; lile la Nairobi, matatu, lilizaliwa hivyohivyo, kwa nauli ya mapeni matatu ya senti kumi kumi.

Nimeanza na jina kwa makusudi. Katika jiji hili serikali huyapa magari majina marefu, na abiria huyabatiza upya kabla wiki haijaisha. Jina la serikali linaeleza mpango. Jina la abiria linaeleza alichokikuta ndani. Ukiyafuata majina haya mwaka hadi mwaka, unapata historia ya mitaa ya Dar es Salaam: nani alipata gari, nani alisubiri, na nani alitembea kwa miguu.

Wakoloni waliuacha mji umegawanyika vizuri kwa macho yao. Uzunguni ilikuwa upande wa bahari, hadi Oysterbay. Uhindini ilikuwa katikati ya mji. Ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja ilianza Kariakoo, na nyuma yake Ilala, ndiyo Uswahilini. Kutoka katikati zilichomoza barabara kuu nne: ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa. Kampuni ya mabasi ya DMT ilipoanza kazi mwaka 1949, ilifuata lami hiyo hiyo iliyokuwapo. Katika miaka ya 1950 Waafrika walijengewa mitaa ya mpango Magomeni, Temeke na Kinondoni, na ghafla mfanyakazi wa bandarini akawa anaishi mbali na bandari. Basi likawa jambo la lazima. Bwana wa Oysterbay alikuwa na gari lake, kwa hiyo ubora wa basi haukumhusu hata kidogo, na nadhani hapo ndipo mambo mengi yaliyofuata yalipoanzia.

Serikali ya Tanzania iliitaifisha DMT mwaka 1970. Mwaka 1974 kampuni iligawanywa: KAMATA ikachukua safari za mikoani, na Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, ikabaki na jiji. Wazee wanaosimulia UDA huanza na sifa. Watakutajia Ikarus zilizotoka Hungaria, yale mabasi marefu yenye kiungo katikati yaliyopinda kona kama jongoo, na jinsi mtoto alivyogombea kusimama palepale kwenye kiungo ili asikie sakafu ikizunguka chini ya miguu yake. Wakiendelea kusimulia, wanaishia kwenye foleni. Kila mzee wa UDA ninayemjua huishia kwenye foleni.

Sababu za foleni zinajulikana. Bei ya mafuta ilipanda kuanzia 1973, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala hazina, na fedha za kigeni zikakauka. Basi lililoharibika kifaa kidogo tu liliegeshwa karakana likisubiri spea ambayo haikuja, kisha likaanza kuchunwa ili kuyaponya mengine. Wakati huohuo watu walizidi kuhamia mjini na kujenga Manzese, Tandika, Buguruni, sehemu ambazo hazikuwemo katika ramani ya DMT wala ya UDA. Mtu wa Manzese aliamka alfajiri, akafika kituoni, akaliona basi linapita limejaa hadi ngazini, akaanza kutembea.

Basi wenye pick-up wakaingia kazini. Ilikuwa haramu. Walibeba watu wakijificha kwa askari, na abiria akikamatwa humo alikuwa tayari kuapa kwamba dereva ni mjomba wake anampa lifti. Mwaka 1983 serikali ilisalimu amri na kuruhusu magari ya watu binafsi yabebe abiria jijini, yakiwa chini ya UDA. Ajabu ya mwaka huo ni kwamba ndio mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na wa sheria ya Nguvu Kazi iliyowasaka wasio na kazi mjini. Mkono mmoja ulikuwa unamkamata mlanguzi, mwingine unampa mwenye gari kibali. Kwa maoni yangu hakuna aliyebadili imani yake mwaka ule. Foleni zilikuwa zimeshinda.

Jina la pili likaja haraka: chai maharage. Hili wenye umri wa chini ya miaka arobaini wanalisikia kama utani, lakini lilikuwa gari kweli. Chukua pick-up, lifunike turubai juu ya vyuma, kisha weka mabenchi mawili ya mbao, moja kulia, moja kushoto. Abiria wanakaa wakitazamana, magoti yakipishana kama meno ya zipu, mfano wa wateja wa mgahawa wanaokunywa chai na kula maharage meza moja bila kujuana. Katikati, pale ambapo meza ingekaa, kuna kapu la dagaa au tenga la nyanya, na mwenye kapu anaomba radhi kila gari linapofunga breki. Mtu mrefu anainama safari nzima. Konda anakanyaga bampa, mkono mmoja ameshika bomba, mwingine umejaa noti zilizokunjwa kwa urefu na kubanwa kati ya vidole. Akitaka gari lisimame anapiga bodi kwa kiganja. Ubora haukuwepo. Lakini gari lilifika Manzese.

Baadaye zikaja Hiace zilizoitwa vipanya kwa udogo wake na kwa jinsi zilivyopenya popote, halafu DCM, halafu Coaster, na magari yakachorwa mistari ya rangi ili hata asiyejua kusoma atambue gari la kwao. Haya nayapita upesi, kwa maana gari lilibadilika lakini kanuni iliyoliendesha ilibaki ileile. Kanuni hiyo inaitwa hesabu.

Mwenye gari, ambaye makonda humwita tajiri, hamlipi dereva mshahara. Anampangia kiasi cha kuletewa kila jioni, iwe mvua, iwe foleni. Dereva anaongeza mafuta, anawatupia wapiga debe chao kila kituo, na kinachobaki anagawana na konda. Akiumwa anampa gari deiwaka, dereva wa kushikia kwa siku, ambaye naye ana hesabu ileile na hana mkataba na mtu yeyote. Mtafiti Matteo Rizzo aliyeifuatilia kazi hii kwa miaka mingi na kutoa kitabu mwaka 2017 ameonyesha kwamba ukorofi tunaoulalamikia wa makonda na mbio za madereva unaanzia kwenye hesabu, hautokani na tabia mbaya za vijana wa mjini. Nakubaliana naye, na ushahidi wangu ni wa sare ya shule.

Nilisoma sekondari nikipanda daladala za Tandika. Nauli ya mwanafunzi imekuwa sehemu ndogo ya nauli ya mkubwa tangu tukiwa wadogo, kwa agizo la serikali, ila serikali haikumpunguzia dereva hesabu wala kumfidia pengo. Kwa hiyo konda alituona kama viti vilivyopotea. Asubuhi alikuwa akisimama mlangoni anatenga kwa macho: "Wakubwa kwanza. Denti wawili tu!" Tukajifunza ujanja. Unavaa sweta juu ya shati jeupe hata kama jua linachoma, unajibana nyuma ya mama mwenye mizigo, unaingia kama mwanawe. Siku moja, kwenye gari ambalo hata leo siikumbuki namba yake, konda alinifunua sweta kwa kidole kimoja, akacheka, akanishusha. Nilifika shuleni saa tatu nikachapwa. Kwa miaka mingi nilimchukia konda yule. Sasa najua kwamba siku ile alikuwa anafuata agizo la tajiri aliyekuwa bado kitandani.

Hesabu ndiyo iliyochora ramani mpya ya jiji. Gari lilikwenda penye vichwa: Kariakoo, Posta, Mwenge, Mbagala. Penye vichwa vichache halikwenda, au lilikwenda asubuhi na jioni tu. Mtaa wenye barabara ya udongo ulipoteza magari siku ya kwanza ya masika, kwani hakuna dereva atakayevunja springi kwa abiria sita. Hata palipokuwa na kibali, kulikuwa na kukatisha ruti: gari limeandikwa Gongo la Mboto ubavuni, likifika Buguruni konda anatangaza mwisho wa safari, linageuza kuwahi vichwa vya mjini. Abiria wa Gongo la Mboto wanashuka wakinung'unika, wanasubiri jingine, wanalipa tena. Nao wenye nguvu wakabuni yao, kugeuza na gari: unalipanda likielekea kusikokuhusu ili likigeuka uwe umeshakaa. Hiyo ni nauli mara mbili kwa kiti kimoja. Masaki je? Daladala za Masaki zipo, na asubuhi hujaa walinzi, wapishi na dada wa kazi. Hao wenye nyumba za Masaki huwakuti humo.

Oktoba 2012 yalianza majaribio ya njia nyingine. Shirika la reli likaanza kubeba abiria wa mjini kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, na TAZARA nayo ikatoa treni yake hadi Mwakanga. Abiria wakaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe. Safari hii usafiri wa Dar ulipewa jina la mtu. Nahisi lilikuwa shukrani, na pia onyo dogo, maana watu wa Dar walikwisha kuona kwamba kitu cha waziri huondoka na waziri.

Kisha Mei 2016 yakaja Mabasi Yaendayo Haraka. Nani ana muda wa kutamka hivyo akiwa anakimbilia lango? Yakaitwa mwendokasi. Njia ya kwanza ina urefu wa kilomita 20.9, Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani Kariakoo. Nauli ya kuanzia ilikuwa shilingi 650 kwenye njia kuu, na daladala zikaondolewa Barabara ya Morogoro. Rais John Magufuli aliuzindua mradi rasmi Januari 2017. Sitaki kuudhulumu. Mtu wa Kimara aliyekuwa akikaa saa mbili kwenye foleni ya Ubungo alifika Posta kwa muda ambao mwanzoni hakuuamini, na mlemavu mwenye kiti cha magurudumu aliingia ndani ya basi bila kubebwa mgongoni. Hilo peke yake lilistahili pesa zilizotumika.

Lakini angalia jina. Dala ilitaja bei, chai maharage ikataja namna ya kukaa, kipanya kikataja umbo. Mwendokasi linataja ahadi. Karakana ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde la Msimbazi, mahali ambapo kila mzee wa Magomeni angekwambia maji hupita, na mvua kubwa zilipokuja maji yakapita, yakaingia hadi kwenye mabasi. Abiria wakaongezeka, mabasi yakapungua kwa uchakavu. Ikafika mahali ukisimama Kimara saa kumi na mbili asubuhi unawaona watu wakipenya milangoni kwa mabega, kama walivyofanya baba zao kwenye UDA. Mbagala ilisubiri zaidi: njia na vituo vya Barabara ya Kilwa vilikamilika, vikakaa muda mrefu bila basi hata moja, vumbi likatanda kwenye mageti mapya, huku watu wa Mbagala Rangi Tatu wakiendelea kuingilia madirishani kwenye daladala zilizopita kandokando ya njia tupu.

Jumatano moja jioni nilishuka Kimara mwisho. Nje ya kituo chenye paa na mageti, hatua chache tu, bajaji zilikuwa zimepangana, madereva wakiita "Bonyokwa! Bonyokwa, mmoja twende!" Tuliingia wanne, watatu nyuma na mimi mbele nusu tako, ubavuni kwa dereva. Lami iliisha kabla safari haijaisha. Mwenzangu mmoja, mama mwenye mfuko wa unga, alishuka pale dereva aliposema hapiti tena kwa sababu ya korongo. Alilipa, akajitwisha mfuko wake, akamalizia kwa miguu.