Kichwa cha Udongo cha Luzira

Asimamaye ufukweni Dunga, kusini ya mji wa Kisumu, pale wavuvi waegeshapo mitumbwi kando ya mafunjo, huitazama Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, njia ya meli zilizosafiri miaka mingi baina ya Kisumu na Port Bell ya Uganda. Na juu ya bandari hiyo kipo kilima cha Luzira, ambako mwaka 1929, katika kuchimba ardhi ya gereza, vilifukuliwa vipande vya udongo uliochomwa, na miongoni mwavyo kichwa cha mwanadamu.

Wengi waliosoma habari za Mexico, na za zile sanamu za kale za udongo za Veracruz zenye nyuso zichekazo, hudhani kwamba sanaa ya namna hii haikupata kukanyaga bara letu. Dhana hiyo ni batili. Wafinyanzi wa kale wa Mexico wenyewe hawakuwa na gurudumu la kufinyangia. Walitegemea mikono, na baadaye kalibu. Na gurudumu hilo halikuwako ziwani petu pia, wala mafundi hawakulihitaji.

Ushahidi wa ustadi wao umo Urewe, katika eneo la Siaya, ambako Arkidikoni W. E. Owen alikusanya vigae ambavyo yeye pamoja na Mary na Louis Leakey walivieleza katika kitabu cha mwaka 1948: vyungu vya kale vyenye nakshi za mistari, na kitakoni kibonyeo kama cha kidole gumba. Mwaka 2008 wanachuoni Andrew Reid na Ceri Ashley walikihusisha kichwa cha Luzira na zama zilizofuata ufinyanzi wa Urewe, kabla ya kusimama falme za Buganda na Bunyoro. Na kabla yao, mwaka 1964, sanamu nyingine ya udongo ilikwisha kuonekana Entebbe. Basi Luzira si ajabu iliyoanguka kutoka mbinguni.

Sisemi kwamba wanawake wa Kiluo wafinyangao vyungu vya agulu na dapi ni wana wa mafundi hao, maana Waluo walifika fukwe hizi karne nyingi baada ya Urewe; nasema tu kwamba udongo ni ule ule, na mikono haina gurudumu hata leo.

Kichwa chenyewe kimo katika Makumbusho ya Uingereza, London, tangu 1931. Lau kingeazimwa hata kwa msimu mmoja Kampala, kisha Kisumu, wafinyanzi wa ziwa wangekikagua kwa jicho la fundi, nao ndio wastahiki wa kwanza kukitolea hukumu.