Kitambaa cha kochi na njaa ya Ireland (sehemu ya 4)

Mama zangu, tangu niseme nimerudi kufuma vitambaa nikitoka zamu, mnaniuliza: "Nesi, hiyo si kazi ya mabibi?" Haya, sikieni ya mabibi wa Ireland.

Mwaka 1845 ugonjwa ulianza kuozesha viazi, chakula chao kikuu. Hadi 1852 walikufa watu kama milioni moja, wengi kwa homa na kuhara. Mwili wenye njaa haupigani, hilo wodini tunaliona.

Ndipo masista wa Ursuline kule Blackrock, Cork, wakafundisha wasichana kufuma kwa kroshia. Clones nako, 1847, Cassandra Hand, mke wa mchungaji, akaanzisha. Kwa nini kroshia? Lesi ya sindano inachelewa mno, na mtoto anataka kula leo! Tena kazi iligawika: huyu anafuma waridi tu, yule majani, mwingine anaunganisha. Familia nyingine zilificha ua lao, jirani asiige. Ikifumwa kwenye vibanda vya moshi, inafuliwa iwe nyeupe, inakwenda kuvaliwa na matajiri. Hela yake ilinunua unga, na kwa wengine nauli ya meli kwenda Marekani.

Kesho: uzi wa kuanzia, na vidole vikifa ganzi ufanyeje.