Sauti ya Mwita Hatua: Malezi ya Waongozaji wa Ngoma za Jamii Katika Marekani

Katika ngoma za jamii zichezwazo Marekani, zile ambazo jozi nne huunda mraba au jozi nyingi husimama katika safu mbili zinazotazamana, yupo mtu mmoja asiyecheza. Kazi yake ni kuitaja kila hatua muda mfupi kabla haijachezwa. Mtu huyu hana jina la asili katika Kiswahili. Malenga hutunga na kuimba. Sogora hujulikana kwa ustadi wa mikono na miguu yake mwenyewe. Manju wa Usukuma na Unyamwezi huwaongoza waimbaji kwa nyimbo alizozitunga. Huyu huiongoza miguu ya wengine, na maneno yake si wimbo kamili wala si hotuba. Makala haya yatamwita mwita hatua, na yatachunguza jinsi alivyolelewa: ni nani aliyemfundisha, na mafunzo hayo yalihifadhi nini na kupoteza nini.

Ulaya, ambako ngoma hizo zina sehemu kubwa ya asili yake, haikumhitaji. Ngoma za Kiingereza zilizochapishwa na John Playford tangu mwaka 1651, na baadaye kotilioni na kadrili za Kifaransa, zilifundishwa na walimu wa dansi waliolipwa ujira. Mwanafunzi alifika ukumbini akiwa amekwisha kuzihifadhi hatua zote moyoni. Kucheza vizuri kulikuwa alama ya malezi na ya mali, kwani asiyekuwa na fedha za kumlipa mwalimu hakuzijua hatua, na asiyezijua hakuthubutu kuingia.

Katika majimbo ya kusini ya Marekani, hata hivyo, wapigaji wa muziki katika sherehe za mabwana aghalabu walikuwa Waafrika watumwa. Samuel Mordecai, katika kitabu chake cha mwaka 1856 juu ya Richmond ya zamani, alimkumbuka Sy Gilliat, mpiga fidla Mwafrika aliyekuwa mashuhuri katika dansi za mji huo. Solomon Northup, mtu huru wa New York aliyetekwa nyara mwaka 1841 na kuuzwa utumwani Louisiana, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1853 jinsi fidla ilivyompeleka katika karamu za mashamba ya jirani. Watu wa namna hii walikaa pembeni mwa ukumbi usiku baada ya usiku, wakiona na kusikia yale ambayo watoto wa mabwana walilipiwa kufundishwa. Waliporudi kwa wenzao, walizichukua hatua hizo kwa watu ambao hawakuwa na mwalimu wala tumaini la kumpata. Mjuzi mmoja katikati ya wengi wasiojua, na wote wamezoea mtindo wa Kiafrika wa sauti moja kuita na wengi kuitika: hapo ndipo, kwa hoja iliyojengwa kwa uangalifu na Phil Jamison katika kitabu chake cha mwaka 2015, alipozaliwa mwita hatua.

Ushahidi wa mapema unaiunga mkono hoja hiyo. Mwaka 1819 Benjamin Latrobe, msanifu majengo aliyeshiriki katika ujenzi wa Bunge la Marekani, alihudhuria dansi mjini New Orleans. Aliandika katika kumbukumbu zake kwamba mtu mweusi alisimama jukwaani kwa wapigaji, akipiga tari na kutangaza hatua kila zilipobadilika. Latrobe hakuipenda sauti ile hata kidogo, na pengine ni kwa sababu ya karaha yake ndiyo maana habari hiyo imetufikia.

Ulinganisho na visiwa huipa hoja nguvu zaidi. Huko Guadeloupe na Martinique, ambako Waafrika walifikishwa na Wafaransa, kadrili huchezwa kwa kufuata amri za mtu mmoja. Karibu zaidi na pwani yetu, katika visiwa vya Shelisheli ambako mababu wengi walitoka Afrika ya Mashariki, ngoma ya kamtole nayo ina mtu wa kuamrisha hatua. Jina la mwamrishaji wa Guadeloupe linatokana na neno la Kifaransa commandeur, na neno hilo hilo ndilo lililotumiwa kumtaja msimamizi wa watumwa shambani. Mtaalamu wa lugha hawezi kupita hapa bila kusimama. Cheo cha mwenye mjeledi kilichukuliwa akapewa mwenye kuwachezesha watu wakati wa mapumziko. Ikiwa kilichukuliwa kwa kejeli au kwa mazoea tu, neno lenyewe halisemi.

Malezi ya waita hatua wa kwanza hayakuwa na chuo. Kijana alikaa karibu na mpiga fidla, na mara nyingi mpigaji ndiye aliyekuwa mwitaji pia. Wapiga fidla wengi wa mashambani waliiegemeza ala kifuani badala ya kidevuni, jambo lililouacha mdomo huru. Kwamba mafunzo yalipita sikioni, si kitabuni, kunathibitishwa na msamiati wenyewe. Neno la Kifaransa chassé lilikuwa “sashay” katika vinywa vya waita hatua, na dos-à-dos, yaani mgongo kwa mgongo, likawa “do-si-do”. Hakuna aliyeyaona maneno haya yameandikwa kisha akayatamka hivyo. Yalisikiwa, yakatengenezwa upya kwa kadiri ya ulimi wa msikiaji, kama neno la Kiingereza la kundi la wapigaji lilivyogeuka kuwa “beni” katika pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Hayo si makosa. Ni saini ya mkondo wa urithi.

Saini hiyo haikusomwa ipasavyo. Mwaka 1917 Cecil Sharp, mkusanyaji mashuhuri wa nyimbo na ngoma za Kiingereza, aliona katika milima ya Kentucky ngoma iliyoongozwa na mwitaji. Akahitimisha kwamba alikuwa ameona mabaki ya Uingereza ya kale, ya kale hata kuliko ngoma za Playford. Kwamba Uingereza yenyewe haikuwa na desturi ya kuita hatua hakukumzuia. Baada yake alikuja Henry Ford, tajiri wa magari, ambaye gazeti lake mwaka 1921 liliushambulia muziki wa jazi kwa maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi. Ford alimwajiri mwalimu wa dansi kutoka Massachusetts, Benjamin Lovett, na mwaka 1926 kikatolewa kitabu cha kufufua ngoma za zamani, ambazo pia zilipelekwa mashuleni. Kwa hiyo ngoma ambayo uitaji wake ulichipuka miongoni mwa Waafrika ilihubiriwa kama dawa ya kuwakinga vijana na muziki wa Waafrika. Historia ya sanaa za jamii ina mizaha mingi, lakini michache iliyo mikali kama huu.

Aliyegeuza malezi ya mwita hatua kuwa somo lenye mpango ni Lloyd Shaw, mkuu wa shule ya Cheyenne Mountain, Colorado, tangu mwaka 1916. Kitabu chake, Cowboy Dances, kilitoka mwaka 1939, na mtu angetazamia kwamba kingetosha. Hakikutosha, kwa kuwa maandishi humwambia mtu aseme nini bila kumwambia aseme lini. Shaw alianzisha masomo ya majira ya kiangazi kwa walimu na viongozi wa ngoma. Walikuja kutoka majimbo mbalimbali, wakacheza, wakaita, wakasahihishwa, kisha wakarudi makwao kufundisha wengine. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, vipaza sauti viliufanya uitaji uwezekane mbele ya mamia ya watu, na mahitaji ya waita hatua yakazidi uwezo wa urithi wa kifamilia. Bila Shaw, huenda ngoma hizo zingefifia katika sehemu nyingi za nchi. Ila sauti iliyotoka darasani kwake haikuwa tena ya bonde fulani au ya ukoo fulani.

Hatua iliyofuata ilikuwa kusanifisha. Chama cha waita hatua kiitwacho CALLERLAB kilianzishwa mwaka 1971 na kufanya mkutano wake mkuu wa kwanza mwaka 1974. Kiliweka orodha za miito zilizokubaliwa, ili mchezaji wa mraba aweze kucheza popote na kumwelewa mwita hatua yeyote. Wasomaji waliofuatilia usanifishaji wa Kiswahili tangu 1930 watayatambua manufaa ya kazi hiyo, na pia gharama yake. Orodha zilikuwa ndefu kiasi kwamba mchezaji mpya alihitaji miezi ya masomo kabla ya kuingia ukumbini. Mwita hatua alizaliwa kwa ajili ya watu wasioweza kusomeshwa. Sasa akawahitaji wawe wamesomeshwa kwanza. Mlango ambao mwalimu wa dansi wa zamani aliusimamia ukafungwa tena, safari hii kwa nia njema.

Katika majimbo ya New England mkondo mwingine, wa ngoma za safu, ulibaki wazi. Ralph Page wa New Hampshire aliziita ngoma hizo kwa zaidi ya nusu karne, na kuanzia 1949 hadi 1984 alichapisha jarida la Northern Junket. Baada yake Dudley Laufman aliwavuta vijana wengi wa miaka ya 1960 na 1970. Hapa anayeingia kwa mara ya kwanza hucheza usiku ule ule, na mwanafunzi wa uitaji hulelewa kwa namna inayokaribia ile ya kale: mwalimu humpa ngoma moja katika ratiba ya usiku, naye mwenyewe hushuka kucheza pamoja na watu. Msamiati haukusimama pia. Katika muongo wa 2010 jumuiya nyingi ziliacha kuwaita wachezaji “mabwana” na “mabibi” zikachagua majina ya ndege, na mwanafunzi wa leo hulazimika kujua ni jina gani linalotumika katika ukumbi anamosimama.

Ugumu wa kazi yenyewe haujabadilika. Lahani moja huwa na mapigo 64, na kila sehemu ya hatua aghalabu huchukua mapigo manane. Mwito ukitolewa pamoja na hatua umekwisha kuchelewa. Lazima uangukie mapigo mawili au manne ya mwisho ya sehemu iliyotangulia, na ukamilike kabla miguu haijahitaji kujua. Mwanafunzi hujifunza kuita maneno yote katika mizunguko ya kwanza, kuyapunguza yabaki neno moja moja, na mwishoni kunyamaza kabisa, muziki na wachezaji waendelee wenyewe. Wakati huo mwalimu, akiwa katikati ya safu, husikiliza ni mzunguko gani ambao sauti ya mwanafunzi wake imeacha kusikika.