Nyonga ya bandia: kitu gani kinaifanya idumu?

Kila mtu anapopiga hatua, kichwa cha mfupa wa paja kinazunguka ndani ya kikombe cha nyonga. Kikombe kikiharibika, mfupa unasaga mfupa, na mgonjwa anakosa hata usingizi. Leo waganga wanaweza kutoa kiungo hicho na kuweka cha bandia. Swali la familia ni moja: kitadumu miaka mingapi? Jibu linategemea kitu kilichotumiwa pale viungo viwili vinaposuguana, na wagonjwa wengi waliteseka kabla jibu hilo halijajulikana.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, ndugu wawili wa Paris, Jean na Robert Judet, walitengeneza kichwa cha nyonga kwa akriliki, aina ya plastiki ngumu. Wagonjwa walisimama wakatembea, kisha plastiki hiyo ikalika na kulegea. Huko Uingereza, mgonjwa mmoja mwenye kiungo cha namna hiyo alikuwa akilia nyongani kama bawaba ya mlango kila alipojongea, mpaka mke wake akachoka kumsikia. Mganga John Charnley aliposikia kisa hicho, alielewa kwamba adui ni msuguano.

Katika hospitali ya Wrightington, Charnley alitumia kichwa kidogo cha chuma, milimita 22 tu, kizunguke ndani ya kikombe cha Teflon, kitu kile kile kinachopakwa kwenye vikaango ili chakula kisishike. Wagonjwa karibu 300 waliwekewa. Maumivu yalikwisha na watu walishangilia. Lakini Teflon inateleza bila kuwa imara. Kwa miaka michache tu vikombe vililika, unga wake ukaleta uvimbe, mfupa ukaliwa na viungo vikalegea. Charnley alijitia Teflon katika paja lake mwenyewe ili aone, na uvimbe ukatokea. Hakuficha kosa. Aliwapasua tena wagonjwa wake, mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 1962 muuzaji mmoja alileta kipande cha polietilini, ndugu wa plastiki ya mabidoni yetu ya maji, lakini ngumu zaidi. Charnley alikidharau. Fundi wake, Harry Craven, alikiweka kwenye mashine ya kusugua hata hivyo. Baada ya wiki tatu, kilikuwa kimelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa siku moja. Mwezi wa Novemba mwaka huo wagonjwa wa kwanza walianza kuwekewa. Safari hii Charnley hakuharakisha: alikaa miaka kadhaa akiwafuatilia kabla ya kuwaachia waganga wengine chombo hicho. Aliwaomba pia wakubali kwamba wakifariki, kiungo kitolewe kipimwe.

Hata polietilini inalika pole pole, na unga wake unaweza kuuharibu mfupa. Kwa hiyo utafutaji uliendelea. Mwaka 1970 Mfaransa Pierre Boutin alitumia seramiki, ambayo hailiki upesi, ingawa zile za zamani ziliweza kupasuka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 polietilini ilianza kupigwa mionzi ili iwe imara zaidi. Wengine walirudi kwenye chuma juu ya chuma. Mwaka 2010 kampuni moja kubwa iliondoa sokoni aina yake, baada ya wagonjwa wengi kupasuliwa tena mapema. Chembe za kobalti na kromi zilikuwa zikiingia katika nyama na damu.

Mwaka 2019 jarida la The Lancet lilitoa hesabu kutoka Australia na Finland: nyonga kama 58 kati ya 100 hudumu miaka 25.

Kwa mzee, miaka hiyo inaweza kutosha. Kwa kijana mwenye SS, ugonjwa wa damu ambao huua mfupa wa nyonga mapema, haitoshi: huenda akapasuliwa tena. Siku hiyo mganga atahitaji kujua ndani kuna chuma gani, kikombe gani na kipimo gani. Yameandikwa kwenye karatasi ya upasuaji. Familia inapokimbia vita, karatasi hiyo ikae pamoja na kadi ya uchaguzi, na picha yake ibaki katika simu ya ndugu mwingine.