Luigi na Mizuka: Jumba la Pili Lililosubiriwa Miaka 11

Luigi's Mansion ni gemu ya kampuni ya Kijapani ya Nintendo ambayo mhusika wake mkuu, Luigi, huingia katika jumba lenye mizuka akiwa na silaha mbili tu: tochi mkononi na mashine ya kufyonza vumbi mgongoni. Toleo la kwanza lilitoka Japani tarehe 14 Septemba 2001. La pili, linaloitwa Luigi's Mansion: Dark Moon huko Marekani na Luigi's Mansion 2 huko Japani na Ulaya, lilitoka Machi 2013. Katikati hapo ilipita miaka 11 na nusu, na watu waliokuwa watoto walipocheza la kwanza walilipokea la pili wakiwa watu wazima. Ndiyo maana maoni juu ya toleo hili yalikuwa na uzito usio wa kawaida kwa gemu ya kuchekesha: kila mhakiki alikuwa na jumba la zamani kichwani, akilipima jipya kwa lile.

Luigi mwenyewe alizaliwa mwaka 1983 katika gemu ya Mario Bros., akiwa ndugu wa Mario ambaye tofauti yake ilikuwa rangi tu. Kumbukumbu ya mashine za wakati ule ilikuwa finyu, kwa hiyo umbo lilelile la Mario lilipakwa rangi nyingine ili mchezaji wa pili apate mtu wa kumwongoza. Mwaka 1986, katika toleo la pili la Super Mario Bros. lililouzwa Japani, alipewa kwa mara ya kwanza tabia ya peke yake: aliruka juu kuliko ndugu yake, lakini akitua huteleza. Hata hivyo alibaki mtu wa mchezaji wa pili. Katika nyumba nyingi kaka mkubwa ndiye aliyeshika kidhibiti cha kwanza, na mdogo akaachiwa Luigi.

Mambo yalibadilika mwaka 2000, Nintendo ilipokuwa ikiandaa mashine yake mpya, GameCube. Katika maonyesho ya Space World ya Agosti mwaka huo ilionyeshwa filamu fupi ya Luigi akihangaika ndani ya jumba la giza. Mwongozaji wa gemu hiyo alikuwa Hideki Konno, na Shigeru Miyamoto, aliyemuumba Mario, alikuwa miongoni mwa watayarishaji wake. Vyumba vilionyeshwa kama vya nyumba ya mwanasesere iliyoondolewa ukuta mmoja, mchezaji akitazama kutoka upande ulio wazi. Nguvu ya mashine mpya ilitumiwa kwa mwanga: duara la tochi likipita juu ya samani, vumbi likielea hewani, vivuli vikirefuka ukutani. Gemu ikatoka siku moja na GameCube, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Nintendo kuzindua mashine ya nyumbani kwa kumtanguliza Luigi badala ya Mario.

Kisa cha jumba la kwanza ni chepesi. Luigi anaarifiwa kwamba ameshinda jumba la kifahari katika shindano ambalo hakuwahi kuingia. Ndugu yake anatangulia kulitazama, na hatoki. Luigi anafika, anakutana na mzee mmoja mfupi, Profesa Elvin Gadd, mtafiti wa mizuka, ambaye anamkabidhi mashine iitwayo Poltergust 3000. Mizuka huogopa mwanga. Ukiumulika mmoja ghafla, hushtuka na moyo wake huonekana kifuani, na hapo ndipo mashine hupata pa kushika. Kinachofuata ni mvutano unaofanana na wa mvuvi na samaki mkubwa: mzuka huvuta huku, Luigi huvuta kule, mpaka nguvu za mmoja ziishe.

Kuna jambo moja dogo katika toleo hilo ambalo halisahauliki. Kitufe ambacho katika gemu za Mario humfanya mtu aruke, hapa humfanya Luigi amwite ndugu yake. Akiwa mzima huita kwa sauti kubwa. Akiwa taabani sauti hutetemeka. Wito huo hauna faida kubwa katika mchezo, lakini watu waliubonyeza tena na tena, kwa kuwa ulimwonyesha mtu mwoga anayesonga mbele kwa kumpenda nduguye. Sauti ilikuwa ya mwigizaji Charles Martinet. Muziki, uliotungwa na Kazumi Totaka na Shinobu Tanaka, ulikuwa hasa wimbo mmoja mfupi ambao Luigi huuimba kwa mdomo uliofumbwa akitembea gizani, kama mtoto anayejipa moyo njiani usiku.

Wahakiki waliipenda, ila walilalamika kwa kauli moja kwamba ilikwisha mapema mno. Mtu aliyeizoea angeweza kuimaliza kwa saa sita hivi. Wastani wa alama zake katika Metacritic, mtandao unaokusanya tathmini za wahakiki, ni 78 kwa 100.

Siri moja ya gemu hiyo ilijulikana baada ya miaka 10. Mwaka 2011 Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa Nintendo, alieleza kwamba ndani ya GameCube kulikuwa na uwezo wa kuonyesha picha zenye kina, zile ambazo vitu huonekana kama vinatokeza nje ya kioo, na kwamba Luigi's Mansion ilikuwa imeshajaribiwa kwa namna hiyo. Kilichokwamisha ni bei ya vioo vya kuionyesha, ambayo ilikuwa juu mno. Mwaka huohuo Nintendo ilianza kuuza 3DS, mashine ya mkononi inayoonyesha kina bila miwani, na mtayarishaji wa mashine hiyo alikuwa Hideki Konno yuleyule. Jumba la Luigi lilikuwa limepata hatimaye kioo lilichokikosa.

Kazi ya kulijenga jumba la pili haikufanyika Japani. Ilipewa Next Level Games, studio ya mjini Vancouver, Kanada, iliyoanzishwa mwaka 2002. Studio hiyo ilikuwa imekwisha kuitengenezea Nintendo gemu mbili za kandanda za Mario na, mwaka 2009, toleo jipya la gemu ya ndondi ya Punch-Out!!. Ukiitazama Punch-Out!! unaelewa kwa nini walichaguliwa: ni mafundi wa miondoko. Mpinzani wa ndondi husomwa kwa bega lake, jicho lake na namna anavyopumua kabla ya kurusha ngumi. Ufundi huo waliuhamishia kwa mizuka. Miyamoto alibaki mtayarishaji, akiikagua kazi kutoka upande wa pili wa bahari ya Pasifiki.

Katika toleo hili Profesa Gadd anaishi katika bonde la Evershade, ambako mizuka ni wapole na humsaidia kazi kwa sababu ya mwezi wa zambarau unaowatuliza. Mfalme wao, King Boo, anaupasua mwezi huo, na mizuka wote wanageuka watukutu. Profesa anajificha katika handaki, kisha anamvuta Luigi kutoka nyumbani kwake, alikokuwa amesinzia mbele ya televisheni. Kazi ni kutafuta vipande vya mwezi katika majengo matano: jumba kuukuu, minara iliyotawaliwa na mimea, karakana ya saa iliyojaa mchanga, mgodi wenye barafu, na jumba la makumbusho ya mambo ya kale. Neno la Kiswahili linaufaa mchezo huu kuliko hata la Kiingereza: mzuka ni kile kinachozuka, na hapa kila kabati, kila zulia na kila beseni ni mahali pa kuzukia.

Lililosifiwa na karibu kila mhakiki ni uhai wa kila kona. Luigi hutembea akinyatia, hufungua mlango kwa kuchungulia kwanza, hujikwaa, hutetemeka magoti. Kupitia tundu ukutani anaiona mizuka ikifanyiana masihara ikidhani haionekani. Mingine huvaa miwani ya jua au kushika sufuria ili mwanga wa tochi usiiguse, na mchezaji hulazimika kubuni njia nyingine. Mashine, sasa ikiitwa Poltergust 5000, huvuta mapazia, huviringisha mazulia, huzungusha mapangaboi na kukung'uta fedha kutoka mahali ambapo hakuna aliyefikiria kutazama. Mwanga wa pili wa tochi hufichua vitu vilivyofanywa visionekane. Kisha yupo Polterpup, mbwa mzuka anayetoroka na vitu ambavyo Luigi anavihitaji. Akifukuzwa hukenua na kuutingisha mkia. Ucheshi wote huo hauhitaji maneno. Ni wa mwili na wa uso, na mtoto asiyejua kusoma huucheka sawasawa na babu yake.

Lawama zilikuwa chache lakini zilirudiwa na wengi, na ya kwanza ilihusu muundo. Jumba la 2001 lilikuwa moja, na mchezaji alilizunguka mwenyewe mpaka akalijua kama nyumbani kwake. Jumba la 2013 liligawanywa katika misheni fupi. Luigi akimaliza jambo moja, Profesa humrudisha handakini, fedha na mizuka huhesabiwa, nyota hutolewa, kisha hupelekwa tena katika jengo lilelile kwa kazi nyingine. Watetezi walisema muundo huo unafaa mashine ya mkononi, inayochezwa kwa dakika 20 ndani ya basi. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Hofu hujengwa kwa kukaa. Mtu anayejua kwamba baada ya robo saa atatolewa nje, na kwamba simu ya Profesa italia kila anapofika mahali pa kimya, haliogopi jumba tena, analitembelea tu. Wahakiki waliolisema hili walikuwa na haki.

Lawama ya pili iliambatana na ya kwanza. Ndani ya misheni hapakuwa na mahali pa kuhifadhi hatua. Luigi akizimia karibu na mwisho, mchezaji huanza upya, isipokuwa kama aliokota mfupa wa dhahabu unaomwita Polterpup aje kumzindua. Baadhi ya misheni za mwisho ni ndefu. Ya tatu ilikuwa juu ya vidhibiti: 3DS ilikuwa na kijiti kimoja tu, kwa hiyo kuelekeza tochi juu au chini kulihitaji kubonyeza vitufe vingine au kuinamisha mashine yenyewe.

Ya nne haikusemwa na wengi wakati ule, lakini imekua kadiri miaka inavyopita. Mizuka ya jumba la kwanza ilikuwa watu: baba anayesoma kitabu, mama anayechana nywele mbele ya kioo, mtoto mchanga kitandani. Kila mmoja alikuwa na jina na siri ya kumnasa, na akishanaswa aligeuzwa picha ya kutundikwa ukutani. Katika jumba la pili wengi wao ni aina tu, wa kijani, wekundu, wa buluu, wanaojirudia kutoka jengo hadi jengo. Wanachekesha zaidi kuliko wale wa zamani, lakini hakuna anayekumbukwa kwa jina lake.

Pamoja na hayo gemu ilipata wastani wa alama 86 na kuuzwa nakala zaidi ya milioni 5. Wakati wa kutoka kwake ulikuwa mzuri pia, kwa kuwa 2013 ulitimia mwaka wa 30 wa Luigi, na Iwata aliutangaza kuwa mwaka wake. Uhai mrefu zaidi ulitokana na sehemu ambayo haikutarajiwa, ScareScraper, mnara ambao watu hadi wanne hupanda pamoja, kila mmoja na Luigi wa rangi yake, wakisafisha ghorofa moja baada ya nyingine kabla ya muda kwisha. Mhusika aliyeanza kama mtu wa mchezaji wa pili sasa alichezwa na wanne kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemtaka Mario.

Toleo la tatu lilitoka 31 Oktoba 2019 kwa mashine ya Switch, likitengenezwa na mafundi walewale wa Vancouver. Linasomeka kama majibu kwa lawama za 2013. Hoteli ni moja, na lifti huipandisha hadithi ghorofa kwa ghorofa. Hatua huhifadhiwa zenyewe. Mizuka wakubwa wamerudishiwa majina, kazi na tabia, kuanzia mpishi hadi mpiga piano. Nakala zaidi ya milioni 10 ziliuzwa, na Januari 2021 Nintendo ilitangaza kwamba inainunua studio hiyo.

Jumba la pili halikuachwa. Huduma za mtandao za 3DS zilizimwa Aprili 2024, na ScareScraper ya mbali ikanyamaza. Tarehe 27 Juni mwaka huohuo likatoka toleo lililosafishwa picha kwa ajili ya Switch, kazi ya studio ya Tantalus ya Australia, kwa bei ya dola 59.99 nchini Marekani. Wengi waliona bei hiyo ni kubwa kwa gemu ya miaka 11, na misheni zilibaki zilivyokuwa. Lakini tatizo la kijiti kimoja liliisha, na mnara ukapata watu tena.

Anayetaka kuogopa kidogo na kulijua jumba moja vizuri, aanze na la 2001. Anayetaka gemu iliyokamilika zaidi, achukue hoteli ya 2019. La pili linamfaa mwenye nafasi ya dakika 20 na mtoto wa kucheka naye. Kwa wahakiki hoteli na jumba la pili ziko sawa: alama 86 kwa kila moja.