KABLA YA BANDO: Muvi zilikuja kwa posta Marekani, Ikungi zilikuja na basi

Wadau wa muvi, leo twende shule kidogo. Watoto wa bando wengi hawajui kwamba Netflix haikuanzia kwenye simu. Ilianzia posta!

Mwaka 1998 jamaa walianza kukodisha DVD kule Marekani, na 1999 wakaleta mfumo wa kulipia kwa mwezi. Unachagua muvi mtandaoni, bahasha nyekundu inaletwa mpaka nyumbani, ukimaliza unairudisha kwa posta, unatumiwa nyingine. Faini ya kuchelewesha hakuna. Walituma diski zaidi ya bilioni 5 mpaka walipofunga huduma hiyo Septemba 2023.

Sasa fikiria bahasha hiyo inakuja Ikungi. Barua zetu hazigongi hodi mlangoni, zinaishia S.L.P., na wengi wetu sanduku ni la shule, la kanisa au la ofisini kwa mjomba. Muvi ya mapigano ipitie kwa mwalimu mkuu kwanza? Thubutu!

Ndio maana Bongo tulikuwa na mfumo wetu. Televisheni Tanzania Bara imeanza 1994, lakini deki na mikanda vilishatangulia. Mwenye laibrari ya video alikuwa na daftari: jina lako, jina la mkanda, siku ya kurudisha. Kitambulisho chako ni sura yako na jina la mzee wako. Ukipotea na mkanda, anakuja kwenu.

Kwa mji wa barabarani kama Ikungi, katikati ya Dodoma na Singida, basi ndio lilikuwa posta. Kifurushi anakabidhiwa konda, wewe unasubiri stendi. Asiye na deki alienda kibanda umiza, anabanana kwenye benchi akisikiliza muvi iliyotafsiriwa na watu kama Lufufu. Raha tupu.

Ila kuna upande mchungu. Netflix walikuwa wananunua diski halali ndio wanakodisha. Kwetu nakala nyingi zilikuwa za kudurufu. Bongo Movie iliposhika kasi miaka ya 2000, mkanda mmoja ulizaa mingine mingi na aliyecheza hakuambulia hata mia. Wapo mastaa, majina kapuni, waliojulikana mpaka vijijini huku kodi ya chumba ikiwatoa jasho.

Sheria ya Hakimiliki ilikuwepo tangu 1999, na 2013 zikaja stempu za TRA za kubandika kwenye CD na DVD. Wakati huohuo watu wakahamia kwenye flashi. Stempu unaibandika wapi kwenye faili?

Laibrari nyingi zimekufa, daftari limekufa nazo. Tabia ya kuangalia bila kumlipa msanii ndiyo bado ipo hai, imehamia Telegram tu.

Haya mdau, sema ukweli: muvi ya Kibongo uliyoangalia mwisho, uliilipia au "ulitumiwa"?