Mto Tana na Ujuzi wa Kuusimamia

Kabla ya saruji na umeme kufika, Mto Tana ulisimamiwa kwa ujuzi. Wapokomo, wakulima wa kandokando ya mto, walipanda mpunga kwa kufuata mafuriko mawili ya mwaka, ya masika na ya vuli. Maji yakija mekundu kwa udongo wa bara, walijua kumenyesha Mlima Kenya na Nyandarua, hata kama mbingu ya Garsen, kule chini karibu na delta, ilikuwa kavu. Wazee wa gasa, baraza la Wapokomo, waligawa mashamba, na wakakubaliana na wafugaji Waorma kuhusu malka, njia za kuteremshia ng'ombe mtoni.

Katika karne ya 19, Sultani Ahmed wa Witu aliunganisha Tana na mto Ozi kwa mfereji wa Belezoni. Ulikuwa mwembamba, wa kupitisha mitumbwi. Maji yakaupanua yenyewe, na hatimaye Tana ukahamia mlango wa Kipini. Tangu hapo ilikuwa wazi kwamba jembe moja laweza kugeuza delta nzima.

Wakoloni walileta vipimo: kule Garissa, nguzo yenye tarakimu ilisimikwa majini, na kina kikaandikwa daftarini. Mafuriko ya 1961 yaliwazidi wote, wenye nguzo na wasio nayo.

Kisha yakaja mabwawa ya umeme: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Masinga peke yake ilijengwa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5. Hapa ndipo mambo yalipogeuka kabisa. Uamuzi kuhusu umeme wa Nairobi ukawa pia uamuzi kuhusu shamba la Garsen. Mafuriko madogo, yaliyorutubisha udongo, yakapungua, makubwa hayakuzuilika. El Niño ya 1997 ilibomoa kingo za mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, katika delta, mradi uliojengwa kwa hesabu za wahandisi.

Mwaka 2012 delta iliandikishwa katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, na mwaka huohuo wakulima na wafugaji wakauana kwa ajili ya maji na malisho. Mwaka 2024 Masinga ilifurika, na vijiji vya chini vikazama.

Maji ya Masinga huchukua siku kadhaa kufika Garsen. Siku hizo zinatosha kuhamisha watoto, mbuzi na mbegu. Basi wanaosoma vipimo huko juu wapeleke taarifa mapema, kwa Kipokomo na Kiorma, na wawaulize wazee wa gasa maji yatapita wapi.